Nuna ya Kikorea

Mimi nina uso wa kununa. Sikuununua, nilizaliwa nao. Mama yangu kule Kimilili anasema hata siku ya ubatizo padri aliniangalia akauliza kama mtoto amenyonya. Nikiwa na furaha zangu nafanana na mtu aliyekanyagwa kidole, na nikikasirika kweli watu hawaoni tofauti, jambo ambalo limenisaidia mara kadhaa. Ila kwa kazi za ndani, hasa za Dubai, uso kama huu ni kilema. Madam anaweza kuvumilia wali ulioshika chini na shati lililoungua kola, lakini hataki kuamka asubuhi akutane jikoni na mtu aliyenuna.

Madam wangu alikuwa Mkorea, akiitwa Madam Seo, na nyumba yetu ilikuwa Mirdif, kwenye ile mitaa ya villa ambako ndege hupita juu ya mapaa na hakuna anayeinua kichwa kuzitazama. Sir alikuwa injinia. Walikuwa na mtoto mmoja, Yena, wa miaka sita, aliyekuwa na kipaji cha kununa kiasi kwamba nilimpenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikimwambia kwa Kiswahili, maana hasira za watoto hazingoji tafsiri: "Mbona umenuna? Usinune." Miaka miwili ilipita salama. Halafu mwezi wa tisa mwaka 2016 wakamleta mama yake sir kutoka Korea, aje akae nao moja kwa moja, na mambo yakabadilika.

Bibi huyo kila mtu alimwita Halmoni, ndiyo bibi kwa lugha yao, nami nikafuata. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kidogo, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kiingereza hajui hata salamu. Asubuhi wenyewe wakishaondoka tulibaki wawili, yeye kwenye kochi anatazama ukuta, mimi kwenye pasi natazama nguo. Hakuniuliza kitu wala mimi sikumuuliza. Jioni sir akirudi anamchekea, madam anamchekea, mtoto anasukumwa amchezee ngoma. Halmoni anaitikia kwa kichwa, kisha anarudi kwenye ukuta wake.

Sasa viza yangu ilikuwa inakwisha Desemba. Madam akaniita jikoni akasema nami kwa upole, na upole wa Madam Seo ndio wa kuogopa. Akasema anayeshinda na mama kutwa nzima ni mimi, kwa hiyo anayestahili kuamua ni mama. Madam mwenyewe alikuwa ameniandikisha darasa la Kikorea la kila Ijumaa, na darasa lilikuwa linapanga safari ya siku moja kwenda kuona maisha ya shamba ya Wakorea. Basi nimchukue mama, kwa kuwa mama amekulia shambani. Tukirudi atamuuliza mama swali moja tu: Metrine abaki, au wakala alete mwingine. Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye sinki, kwamba nijitahidi kutabasamu.

Niliogopa, nasema kweli. Nina binti kidato cha pili na anakula kama kidato cha sita. Tena ofisi ya wakala naifahamu. Unakaa kwenye kiti cha plastiki na begi lako miguuni, madam wanapita, na kitu cha kwanza wanachokagua ni uso.

Darasa lenyewe lilikuwa sebuleni kwa Mwalimu Yun, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwalimu Yun alikuwa mke wa injinia mwingine, mama mwembamba mwenye subira ya ajabu, akitufundisha kwa Kiingereza cha polepole. Tulikuwa wanawake watupu, wengi wasaidizi wa nyumba za Wakorea, na sote tuliongea Kiswahili cha namna namna. Rafiki yangu Dorah, Mkisii mwenye mdomo, alikuwa mlinzi kwenye ghala la Wakorea kule Dubai Investments Park, akijifunza ili ajue wanamsema nini. Na alikuwepo Bi Jokha, mama wa Kizanzibari aliyezaliwa Unguja na kuolewa Dubai zamani sana. Yeye hakuwa na mwajiri wala haja. Alipenda tamthilia za Kikorea za kwenye runinga, na alikuwa amechoka kulia akisoma maandishi ya chini ya skrini.

Siku mbili kabla ya safari, mwalimu alituma ujumbe kwenye simu zetu. Kiingereza chake kilikuwa kifupi: Ijumaa, saa mbili asubuhi, mlangoni kwangu, maji ya kutosha. Halafu mwishoni, ili tusisahau masomo, akamalizia kwa Kikorea kilichoandikwa kwa herufi zetu: moja hana.

Hana tulikuwa tunaijua. Ni moja ya Kikorea. Unahesabu hana, tul, set, na siku ya kwanza ya darasa mwalimu aliponinyooshea kidole akasema hana, nilimuuliza sina nini. Lakini hii moja iliyotangulia ilitushinda. Dorah akapiga simu akasema ni wazi, mwalimu ameanza kujifunza Kiswahili, ameandika moja kwetu na moja kwao, maana yake kila mtu aje peke yake, asilete boyfriend. Nikamwambia mimi naenda na bibi wa watu, sasa je. Bi Jokha akakata shauri. Alisema mwalimu amekosea herufi tu, alitaka kuandika mmoja hana. Yaani kati yetu kuna mmoja hana. Na kwa kuwa maji yameshatajwa, huyo asichonacho ni chakula, na mwalimu kwa adabu zake hakutaka kumtaja jina.

Hapo sote tukaingiwa na huruma. Kumuuliza mtu huwezi, ni aibu. Mimi nikamshuku Dorah, maana kampuni yao ilikuwa inachelewesha mishahara. Baadaye nilikuja kujua Dorah naye alinishuku mimi, kwa sababu ya uso. Basi kila mmoja akapika chakula chake na cha huyo asiye nacho. Ijumaa asubuhi mlangoni kwa mwalimu kulikuwa na mahotpoti ya chapati, pilau, maharage ya nazi, matoke ya Resty, Mganda wa darasani kwetu, na Bi Jokha peke yake alishusha garini masinia mawili ya sambusa.

Mwalimu Yun akatoka amevaa kofia pana ya majani. Akatazama hotpoti, akatazama vichwa vyetu, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamini: "Moja?" Akagusa kofia yake. Moja kwa Kikorea ni kofia. Alikuwa ametuambia tuje na kofia moja moja kwa sababu ya jua, na kati yetu sote mwenye kofia alikuwa Halmoni.

Dorah alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Bi Jokha akasema hakuna hasara, jua litakula kichwa na sisi tutakula sambusa. Tukajifunga taulo na mitandio, tukapanda basi dogo la kanisa la mwalimu, tukaondoka. Nilikaa pembeni ya Halmoni nikijaribu tabasamu langu kwenye kioo cha dirisha. Lilikuwa linavutia upande mmoja.

Shamba lilikuwa mbele ya Al Awir, ndani ya mchanga. Mwalimu alikuwa ametueleza mashamba ya kwao, milima, kijito, ukungu wa asubuhi, matofaa mtini. Tulichokiona ni zizi la ngamia kulia, gereji ya malori kushoto, na katikati uzio wa makuti wenye geti lililochorwa milima. Mzee mmoja wa Kikorea alikuja zamani na kampuni ya ujenzi, ujenzi ukaisha, yeye akabaki akilima kabichi na figili za kuuzia migahawa yao. Mwalimu alitwambia tufumbe macho, tuvute hewa, tuione Korea. Nilifumba, nikavuta, nikapata ngamia.

Lakini baada ya uzio, sikatai, palikuwa pazuri. Kabichi zao ni ndefu, si za duara kama zetu, na zilikuwa zimejipanga kijani mpaka mwisho wa macho. Kwenye kivuli kulikuwa na mitungi mikubwa ya udongo wa kahawia ya kuwekea kabichi za kuchachua. Halmoni alipoziona zile kabichi alisimama. Akavua viatu. Akaingia shambani peku, akainama, akashika kabichi moja kwa mikono yote miwili kama anayemshika mtoto mashavu. Miezi miwili nilikuwa sijamwona akitembea haraka hivyo.

Mwalimu akatangaza masharti: leo Kikorea tu, Kiingereza kimefungwa. Kazi ni kukata kabichi, kuzibeba mpaka kwenye beseni za chumvi, halafu kula. Mzee mwenye shamba alikuwa safarini na aliyetupokea ni mwanawe Kyuho, kijana wa miaka ishirini na kitu, injinia, mchangamfu kupita kiasi, anakimbia hata pale panapotosha kutembea. Halmoni hakumjua kabla ya siku hiyo, lakini dakika hiyo hiyo akawa anampa amri kama mjukuu wake. Kijana anaitikia, anakimbia.

Ndipo nikalisikia. Halmoni alininyooshea kidole, akamwambia Kyuho maneno mengi, na katikati ya maneno hayo, wazi kabisa, likatoka neno nuna.

Kwanza nilidhani ni masikio yangu. Dakika haijaisha, tena: akanitazama, akamgeukia kijana, nuna. Kijana akanitazama usoni, akatikisa kichwa kukubali, naye akasema nuna. Nikahisi damu inapanda. Kwenye darasa letu hatukuwahi kufundishwa neno hilo la Kikorea, kwa hiyo halikuwa Kikorea. Lilikuwa Kiswahili, na nilijua limetoka wapi. Kila siku namwambia Yena usinune, mbona umenuna, na bibi yuko pale kwenye kochi, anajifanya anatazama ukuta, kumbe anachota. Na analitumia kama wageni wote wanavyotumia Kiswahili, kitenzi kitupu hakina kichwa. Nuna. Yule pale nuna. Anamtangazia kijana wa watu, kwa lugha yangu mwenyewe, kwamba mimi nimenuna. Jioni atamtangazia madam.

Nikamvuta Dorah nyuma ya lundo la kabichi nikamweleza. Akasikiliza, na wakati huo huo sauti ya bibi ikapita juu ya shamba, nuna, na Dorah akashika mdomo.

"Aki Metrine, anakuchoma," akasema. "Na ni kweli umenuna. Cheka. Cheka tu, hata kama si poa. Akiongea, wewe cheka."

Nikasema haya. Nikafungua uso. Sijui watu wengine wanatabasamu kwa misuli gani, mimi ilinibidi nitumie shingo. Niliacha meno yote nje na kuyashikilia hapo nikikata kabichi, nikibeba kabichi, nikiosha kabichi. Mashavu yalianza kutetemeka. Vumbi la mchanga likaingia, nikawa nasaga. Kila nikiinua kichwa namkuta Halmoni ananitazama kwa wasiwasi, nami naongeza.

Kyuho akaja mbio na glavu, akanipa kwa mikono miwili, akasema nuna. Nikachukua, meno nje. Akarudi na chupa ya maji, nuna. Mara ya tatu akachuchumaa, akaniangalia mdomo kwa makini, akauliza: "Nuna, apayo?"

Apayo tulisoma. Ni kuumwa, unaumwa. Yaani sasa amenitoa kwenye kununa, amenipeleka kwenye ugonjwa. Kabla sijatafuta jibu, alishakimbilia kwenye friza, akaja na barafu ndani ya kitambaa, akaniwekea shavuni. Alidhani jino. Wanafunzi wenzangu wakasimama kutazama. Nikabaki pale na barafu shavuni, nacheka bila sauti, na moyoni natukana kwa Kibukusu.

Wa kuniokoa angekuwa Bi Jokha, mwenye Kikorea cha tamthilia, lakini yeye alikuwa amekaa kivulini kwenye mitungi akijipiga picha za kumrushia dada yake Muscat. Miguu yake haikutaka kabichi.

Ilipokaribia saa sita Halmoni aliniita kwa mkono. Alikuwa amechuchumaa mwisho wa tuta, kisu kimelala, kofia ameivua. Nikaenda nikachuchumaa karibu yake. Akaanza kuongea. Hakuwa akiongea na Kyuho wala na mwalimu, ila na mimi, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, polepole, akinitazama. Alionyesha kabichi, akaonyesha mbali huko kwenye mchanga, akaonyesha kifua chake. Sikupata neno. Nilikuwa nashughulika na uso. Nikamwona Dorah kwa mbali ananifanyia ishara, cheka, cheka. Halmoni alipofika mwisho akangoja.

Nikacheka kwa nguvu. Kicheko kilitoka kikubwa kuliko nilivyopanga, mpaka ngamia wa jirani akajibu.

Halafu maneno yake mawili ya mwisho yakanifika, kama simu inayochelewa. Chip, opso. Nilikuwa nayajua yote mawili. Chip ni nyumba. Opso tuliisoma wiki iliyopita, isoyo na opsoyo, iko na hakuna. Nyumba hakuna. Alikuwa ananiambia hana kwao tena, wameuza nyumba yake na shamba lake, wamemleta huku. Na mimi nimecheka.

Halmoni akaniangalia kwa muda. Akachukua kofia yake, akavaa, akainuka kwa kushika magoti, akaondoka. Mwalimu Yun alikuwa amesimama tuta la pili na alisikia yote. Uso wake ulinitosha. Nikajua nimekwisha, na kiti cha plastiki cha wakala nikakiona mbele yangu na begi langu miguuni.

Alipopita karibu na Kyuho, Halmoni alisema jambo kwa sauti ya chini, na ndani ya jambo lile, bado, baada ya yote yale: nuna.

Hapo nikachoka. Nikautupa ule uso. Nikasimama katikati ya kabichi, na wala sikukumbuka masharti ya lugha.

"Nuna, nuna, tangu asubuhi nuna," nikasema. "Bibi, nimekukosea nini? Huu ndio uso nilionao. Nimecheka mpaka mashavu yameuma, nimewekewa barafu mbele za watu, kwa ajili yako. Nimecheka hata pale pa kulia. Sasa sicheki tena. Ukitaka mwambie madam. Nimenuna. Ndiyo, nimenuna, na nitanuna mpaka Desemba."

Halmoni aligeuka. Kyuho alikuwa ameshika beseni, amefungua mdomo. Kutoka kwenye mitungi Bi Jokha akaja, mtandio unaburura, akiuliza nani aliyeniambia nimenuna. Nikamwambia kila mtu. Bibi, kijana, kila wakifungua kinywa.

Bi Jokha akanitazama, akamtazama Kyuho, akakaa chini pale pale kwenye tuta, juu ya kabichi ya watu, na machozi ya kicheko yakaanza kumtoka kabla hajasema neno.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "nuna si kununa. Nuna ni dada. Mwanamume anamwita hivyo dada aliyemzidi umri. Nyie hamkufundishwa kwa kuwa mwanamke halisemi hilo. Huyu kijana tangu asubuhi anakwita dada, na bibi akisema naye anakutaja kama kijana anavyokwita."

Mwalimu Yun akafungua Kiingereza chake kwa ghafla na kueleza yaliyobaki. Halmoni tangu asubuhi alikuwa anamfundisha Kyuho adabu. Mpe dada glavu, mikono yake itaungua kwa chumvi. Mpe dada maji. Mbebee dada hizo, anafanya kazi nyingi kule nyumbani. Muulize dada anaumwa wapi, leo uso wake haujakaa sawa. Na lile la mwisho, baada ya mimi kucheka, lilikuwa: mwache dada apumzike.

Nilikaa chini nikajifunika taulo usoni nikalia, kwa aibu na kwa hofu pamoja. Neno la Kiswahili nililijua tangu nimezaliwa na ndilo lililoniponza. Nilisikia Halmoni anamuuliza mwalimu yule mtu amesema nini. Maneno yangu yakaanza safari yao: Bi Jokha akayatoa Kiswahili akayatia Kiingereza, mwalimu akayatoa Kiingereza akayatia Kikorea, na Dorah akawa anakumbusha palipoachwa, kwa mfano pale pa barafu. Ilichukua muda. Kyuho alipofahamu, alikimbia nyuma ya mitungi kucheka mbali nasi, na tukamsikia.

Halmoni hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanivua taulo usoni. Akaniangalia uso mzima, ule wa kuzaliwa nao, macho mekundu na mdomo chini. Akasema maneno yake, na mwalimu akayatafsiri taratibu, akisimama katikati kujifuta pua.

"Anasema tangu afike Dubai kila mtu anamchekea. Mwanawe anacheka, mkwewe anacheka, mtoto anachezeshwa ngoma. Hakuna aliyemuuliza kama alitaka kuja. Anasema ndani ya nyumba ile kulikuwa na uso mmoja tu uliokuwa unasema kweli, ndio alikuwa anakaa nao mchana. Leo asubuhi ulipoanza kucheka na wewe aliogopa. Alidhani wamekufundisha."

Nikamshika mikono. Sikujua Kikorea cha pole, nikamwambia pole kwa Kiswahili, mara nyingi, naye akawa anaitikia kwa kichwa kila pole kana kwamba anazihesabu zisipungue. Tulikaa hivyo tumenuna wote wawili, na ilikuwa raha, sijui niseme vipi.

Chakula kilikuwa kingi cha kutosha arusi. Kyuho alikula chapati na kabichi ya pilipili mpaka tukamwonea huruma, na yule mmoja asiye nacho hakupatikana. Tulipokuwa tunaosha vyombo, Halmoni akamwendea mwalimu akamwomba ampigie simu mkwewe. Hakutaka kungoja jioni. Nikaacha sufuria kwenye povu nikasimama. Alisema kwa dakika moja hivi, kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo dukani, jina langu likitajwa mara mbili, Metirin. Upande wa pili madam aliuliza kitu. Bibi akajibu kwa neno moja, kisha akaniletea simu na kuniwekea sikioni.

Madam Seo aliniuliza nimemfanya nini mama. Upole wake ulikuwa haupo kabisa. Alisema tangu afike mama hajawahi kuomba kitu, hata chumvi, na sasa ameomba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, Metrine haendi popote, na viza ikashughulikiwe Jumapili. Hilo, alisema, halina tatizo. La pili ni kwamba mama anasema kesho asubuhi yeye na Metrine wanaanza kulima.

Nikamuuliza kulima wapi.

Akasema mbele ya nyumba, pale kwenye nyasi. Zile nyasi za madam zililetwa kwa lori zimekunjwa kama mikeka, na yeye mwenyewe huzimwagilia kwa mkono, hamwachii mtu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama bibi anataka kipande tu, pembeni huko karibu na ukuta.

Nikamgeukia Halmoni. Nikatafuta maneno niliyonayo, nikaonyesha kwa mikono kidogo, nikaonyesha kubwa. Hakuchukua muda. Alisema chonbu, akarudi kwenye beseni kufunga miche ya kabichi aliyopewa na Kyuho kwenye gazeti bichi, na chonbu tuliisoma kwenye somo la sokoni.

"Madam," nikasema, "anasema zote."